Kibao cha 50 hakina mwisho, tochi ya kupimia spidi imejificha kichakani, halafu mnaita usalama barabarani?

Wakuu, uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Anayekuja na "madereva wote wahuni" asome kwanza mpaka mwisho ndipo anijibu.

Naanza na jambo ambalo sitaki mtu anibandikie. Spidi ya kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ni sahihi na ibaki. Gari dogo lenye breki nzima na tairi nzuri, lami kavu, dereva akitumia sekunde moja na nusu kushtuka na kukanyaga, kwa 50 linasimama ndani ya mita 35 hivi. Kwa 80 linataka karibu mita 70. Kwa 100, karibu mita 100. Sasa mtoto akikatiza barabara mita 40 mbele yako: ukiwa na 50 unasimama hujamfikia. Ukiwa na 80, mita 33 zinaisha kabla mguu haujakandamiza breki, zinabaki 7, na unamfikia gari likiwa bado na spidi ya 70 na ushee. Hapo hakuna mjadala. Sheria yetu ya Usalama Barabarani hapa Tanzania, ya mwaka 1973, iliposema 50 kwenye makazi, na 80 kwa mabasi na malori ya zaidi ya tani tatu na nusu, haikukosea. Na muda unaopoteza kwa kutii ni mdogo sana: kijiji cha kilomita moja ukikipita kwa 50 badala ya 80 umechelewa sekunde 27.

Kinachonichoma ni namna kibao hicho kinavyosimamiwa.

Kibao cha 50 lazima kiwe na mwenzake, ule mduara mweupe wenye mistari myeusi ya mshazari unaokwambia 50 imeisha. Nendeni barabara kuu yoyote mhesabu. Kibao cha kuingia kipo, kimepakwa rangi, kinang'aa. Cha kutoka kimegongwa na lori kikalala mtaroni, au kimeng'olewa kikauzwa chuma chakavu, au kimefunikwa na tawi la mwarobaini. Nyumba zimeisha, unaona mashamba ya mkonge pande zote mbili, rasta (vile vituta vidogo vya kupunguza mwendo) za mwisho umeshazipita, na kisheria uko bado kwenye 50 kwa sababu hakuna kilichokutoa. Trafiki anajua hivyo. Anakaa hapo hapo, kilomita moja au mbili baada ya nyumba ya mwisho, kwenye mteremko, nyuma ya kichuguu au chini ya mti, anapiga tochi. Picha inaruka kwa WhatsApp mpaka kwa mwenzake aliye mbele kilomita tano au sita, na huko ndiko unakosimamishwa na kuonyeshwa simu: "Umesoma 74 kwenye 50."

Mniambie mtembea kwa miguu gani ameokolewa hapo. Pale shuleni pa kijiji kulikobaki nyuma, penye zebra iliyofutika, hapakuwa na askari. Stendi ya bodaboda inayomwaga abiria barabarani haikuwa na askari. Askari yuko porini, kwenye mteremko, kwa sababu porini gari linakimbia lenyewe. Na usinitajie hifadhi: Mikumi barabara inakata mbuga kwa kilomita 50 hivi, wanyama wanavuka usiku na mchana, pale kila anayebanwa spidi anajua kwa nini anabanwa.

Madhara ya mtindo huu yanaonekana kila siku. Madereva wasiojua 50 inaishia wapi wanagawanyika: mmoja anaendelea na 50 kwa woga, wa nyuma yake anaamua imeisha anapandisha 80, wa tatu ana haraka anatanua. Hapo umetengeneza ovateki ambayo isingekuwepo. Halafu mtu akiona koti jeupe ghafla anakanyaga breki ya nguvu katikati ya lami. Gari dogo kama Vitz linasimama haraka, semi (lori la tela) iliyojaa iliyo mita 20 nyuma yake haisimami, kwanza upepo wa breki wenyewe unachukua muda kufika kwenye magurudumu ya tela. Mnaosafiri mnajua ninachosema.

Sasa tochi yenyewe, maana wengi wanalipa bila kujua wanachoonyeshwa.

Tochi za leza zinapima umbali mara nyingi ndani ya theluthi moja ya sekunde, zinatoa spidi kutokana na umbali unavyopungua. Kwa hiyo kila kipimo cha leza kina namba mbili: spidi NA umbali. Namba ya pili ndiyo trafiki haitaji na dereva haulizi. Wakuu, ulizeni! Chukulia askari amesimama mita 200 ndani ya kibao cha 50, picha inasema 78, umbali mita 290. Toa 200 kwenye 290. Gari lilipopimwa lilikuwa mita 90 KABLA ya kibao, kwenye eneo ambalo basi linaruhusiwa 80. Hakuna kosa hapo. Leza inafika mbali, mita mia tano na zaidi, kwa hiyo kumpiga mtu ambaye hajaingia kwenye 50 ni rahisi mno, uwe umekusudia au hukukusudia. Ndiyo maana picha iliyokatwa ikabaki namba ya gari na spidi tu isikubaliwe na mtu yeyote. Picha kamili inatakiwa ionyeshe tarehe, saa, spidi, umbali, namba ya kifaa na ile alama ya kulenga ikiwa juu ya gari lako, siyo katikati yako na Fuso lililo pembeni.

Mwale wa leza unatanuka kama mita moja kwa kila mita 300, kwa hiyo kwa umbali wa kawaida unaweza kutofautisha gari na gari. Rada za mawimbi ni habari nyingine. Mwale wake ni mpana, kwa mita 300 umeshafunika barabara nzima na kandokando yake, na kifaa kinasoma mwangwi wenye nguvu zaidi. Vitz ikiwa mbele na semi nyuma yake, bati la semi ndilo linalorudisha mwangwi mkubwa. Kama kuna magari mawili au matatu kwa mfuatano, rada haikwambii kwa uhakika spidi ni ya nani.

Mkono nao una kazi yake. Askari anayeshika tochi bila kuegemea kitu, akilenga kwa mbali, anaweza kuanzia kwenye kioo cha mbele na kumalizia kwenye boneti. Sehemu hiyo ya gari iko karibu naye zaidi kwa mita moja hivi, na kifaa kinaona kama gari limesogea mita ya ziada. Mita moja ndani ya theluthi ya sekunde ni karibu kilomita 11 kwa saa za bure. Vifaa vizuri vina programu ya kukataa kipimo cha namna hiyo, lakini lazima kifaa kiwe kimehakikiwa na kijaribiwe kabla ya zamu: kioo cha namba kinawaka chote, alama ya kulenga inalingana na mwale kwa kuupitisha kwenye nguzo, na kipimo cha umbali uliopimwa kwa futi kinatoa jibu lile lile. Dakika tano tu. Pampu ya mafuta ya kituo chochote ina stika ya Wakala wa Vipimo, mizani ya muuza nyama ina stika. Kila tochi inayomtoa mtu elfu thelathini ibandikwe stika ya uhakiki yenye tarehe, na dereva akiomba kuiona aonyeshwe bila kutukanwa.

Haki iende pande zote, kwa hiyo niue na uongo mmoja wa vijiweni. Wapo wanaosema askari akisimama pembeni tochi inaongeza spidi. Si kweli. Pembe inapunguza: akikulenga kwa nyuzi 10 inasoma pungufu kama asilimia moja na nusu, kwa nyuzi 20 pungufu asilimia 6. Ukitetea kosa lako kwa hoja hiyo unajichoma mwenyewe.

La pili, tairi zenu. Spidi mita za kiwandani kwa kawaida zinasoma juu kidogo ya spidi halisi, kanuni za kimataifa za utengenezaji haziruhusu zisome chini. Lakini ukitoa tairi za 195/65R15 ukafunga 215/70R15 ili gari liinuke, kipenyo kinatoka sentimita 63.5 hadi 68.2. Hiyo ni asilimia 7. Mshale unasema 50, wewe unakwenda 53 au 54, na ile akiba ya kiwandani umeshaila. Pima kwa GPS ya simu kwenye barabara iliyonyooka, ujue mshale wako unakudanganya kwa kiasi gani.

Na hii 53 inatupeleka kwenye faini. Kwa gari imekuwa 30,000 kwa kosa, na ukichelewa kulipa inapanda asilimia 25, inakuwa 37,500. Aliyesoma 54 na aliyesoma 110 katikati ya kijiji wanaandikiwa kiasi kile kile. Hilo ndilo linaloua maana ya adhabu! Kenya kwenye kanuni zao za mwaka 2016 wamepanga ngazi: ukizidi kilomita 1 hadi 5 ni onyo, 6 hadi 10 ni shilingi 500 ya kwao, 11 hadi 15 ni 3,000, 16 hadi 20 ni 10,000. Mtu akiangalia ngazi hiyo anaona kinachochukiwa ni kasi. Kwetu anachoona ni idadi ya risiti. Bodaboda na bajaji walipunguziwa hadi 10,000 mwaka 2021, kwa hiyo msiniambie viwango haviguswi.

Mnaosema "tii sheria bila shuruti", nakubali, na sheria hiyo hiyo inakupa haki ya kukataa kosa. Ukisimamishwa: paki pembeni kabisa, washa hazadi, shusha kioo, toa leseni. Omba kuona picha nzima, usikubali iliyokuzwa. Soma saa kwanza, ilinganishe na saa yako, maana kama picha ni ya saa 4:10 na uliposimamishwa ni kilomita 6 mbele saa 4:11, hiyo picha si yako. Soma umbali. Uliza mwenzake amesimama wapi, kijiwe cha kilomita ngapi, upande upi. Andika. Kama huridhiki, sema kwa heshima kwamba hukubali kosa na unaomba lipelekwe mahakamani. Ukikubali, usitoe hela mkononi hata kama anakupunguzia: subiri risiti ya mashine yenye kumbukumbu namba ya malipo, hakikisha namba ya gari na kosa vimeandikwa sawasawa, lipa kwa simu au benki, tunza ujumbe. Anayetoa elfu tano kwenye leseni iliyokunjwa ndiye anayemlipia yule askari mti wa kukalia kesho yake.

Unaponunua gari la mkononi pia, ingiza namba yake kwenye mfumo wa madeni ya trafiki kabla hujatoa senti. Deni linafuata gari.

Nyongeza, maana wameshaanza kuniuliza "sasa unataka nini". Nataka askari anayepangiwa tochi apite kwanza eneo lake na apige picha vibao vyote viwili, cha kuingia na cha kutoka. Kimoja kikikosekana asifungue tochi hapo, apeleke taarifa TANROADS, wakala wa barabara kuu. Nataka asimame anapoonekana, penye shule, zebra, stendi na soko, kwa sababu dereva akimwona askari anapunguza pale pale penye watu, na kupunguza ndiko tunakokutaka. Umbali uandikwe kwenye kila risiti pamoja na kijiwe cha kilomita. Faini ipangwe kwa ngazi. Na vibao vya kutoka vitengenezwe kwa plastiki ngumu au zege kama vijiwe vya kilomita, visiuzike kwenye mizani ya chuma chakavu.

Kwenye uzi huu naomba kitu kimoja: kila anayejua sehemu yenye kibao cha kuingia 50 bila cha kutoka aandike jina la barabara, kijiwe cha kilomita kilicho karibu, unaelekea wapi, na kibao kimepatwa na nini, kimeanguka, kimeibwa, au kimefunikwa na miti. Atakayepiga picha asimamishe gari kwanza nje ya lami. Nitavipanga kimkoa, na kila orodha itakwenda kwa maandishi kwa meneja wa TANROADS wa mkoa husika na nakala kwa mkuu wa trafiki wa mkoa. Wakipokea nitaweka hapa nakala yenye muhuri.