Leseni ya LATRA inatosha kupeleka kontena Lubumbashi?

Mama wa Scania, Mbeya:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nina Scania na tela lake, marehemu mume wangu aliniachia. Napeleka mchele na mbao Dar. Leseni ya LATRA, mamlaka ya udhibiti usafiri ardhini, ninayo, bima ninayo. Sasa kuna mteja anataka nichukue kontena mbili bandarini nizishushe Lubumbashi, Kongo. Wakala wake kaniuliza leseni ya transiti, nikakosa jibu. LATRA si inatosha? Dereva wangu ana daraja E ila hajawahi kuvuka mpaka wa Tunduma kuingia Zambia.

Mzee wa Tunduma:
Marahaba mama, na pole kwa msiba. LATRA ni ruhusa ya biashara ya kubeba mizigo. Mzigo wa Kongo haulipiwi ushuru hapa kwetu, uko chini ya forodha mpaka uvuke, kwa hiyo gari linaloubeba lazima lipewe leseni ya transiti na TRA, Mamlaka ya Mapato. Watalikagua: lisiwe na mahali pa kuficha kitu, na ubavuni pande zote mbili paandikwe TRANSIT GOODS kwa herufi kubwa.

Na tela lina leseni yake! Hapo mimi niliumia. Springi ya tela langu ilikatika, nikaazima la ndugu yangu. Kichwa kilikuwa na leseni, tela halina. Siku nne tumelala Kurasini, mzigo ukapewa mwingine. Dereva wangu alikuwa na mgonjwa nyumbani akitegemea posho ya safari ile, mpaka leo inaniuma. Tena leseni hiyo inaisha 31 Desemba hata ukiilipia Novemba.

Bima yako ya kawaida inaishia mpakani. Kata kadi ya njano, ile bima ya kuvuka mipaka ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye kadi hiyo tumebaki. Dereva naye awe na pasipoti na kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano. Ukimwambia "kadi ya njano" tu ataleta moja. Mwambie mbili, ya gari na ya mwili wake.

Binti Forodha:
Mama, dhamana ya forodha ya mzigo, yaani ahadi ya kulipa ushuru mzigo usipovuka, ni kazi ya wakala. Hakikisha ameiweka kabla hujatuma gari. Na uzito: tani 56 unazosikia ni kikomo cha gari la ekseli (mihimili ya magurudumu) saba, mzigo na gari kwa pamoja. Kila ekseli inapimwa peke yake, kwa hiyo kontena nzito isikae nyuma kabisa.

Mama wa Scania, Mbeya:
Mungu awabariki. Langu ni ekseli sita, halifiki tani hizo, nitamwambia mteja leo hii. Wakati wa kurudi, nikipata mzigo wa Kitwe kushusha Nakonde, nipakie?

Mzee wa Tunduma:
Usipakie. Kitwe na Nakonde zote ni Zambia, huo ni mzigo wa magari yao, wewe una namba za Tanzania. Tafuta shaba ya kuja Dar, au urudi mtupu.