Mnunuzi anataka filamu maarufu tu, hizi nyingine nifanye nini?

Kijana wa Katuba: Jambo wakubwa. Niko Lubumbashi. Baba mkubwa alikuwa akionyesha sinema kwenye makambi ya wafanyakazi wa migodi, na alipofariki aliniachia mikanda ya milimita 16. Kuna mtu amekuja, anataka The African Queen peke yake. Watusi ya 1959 na White Witch Doctor ya 1953 anasema hazijulikani, atanisaidia kuzibeba bure. Mimi hizo ndizo nazipenda! Ila White Witch Doctor inanuka siki, na Watusi yote imegeuka rangi ya waridi.

Mama Kamalondo: Hiyo ya siki itoe chumbani leo hii. Ni asetati, plastiki ya mkanda, inayooza, na mvuke wake unaharibu mikanda ya jirani. Weka pakavu penye ubaridi, kopo lake liache lipitishe hewa kidogo. Tafadhali usiipitishe kwenye projekta: mkanda ukishasinyaa, meno ya mashine yanachana matundu. Na kama ni chumba cha bati, joto la mwezi wa kumi litaimaliza.

Mzee wa Bukavu: Mwanangu, Watusi usiitoe bure. Ndani yake walipachika picha zilizobaki za King Solomon's Mines ya 1950, iliyopigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na hapa kwetu Kongo. Wangapi wanalijua hilo? Utamu wa filamu hizi ndogo uko hapo: hadithi yenyewe nyepesi, lakini nyuma ya waigizaji unaona nchi ilivyokuwa. Uwaridi huo ni wa Eastmancolor, aina ya filamu ya rangi: buluu-kijani yake hufa kwanza na hairudi. Bei itashuka, thamani kwako haishuki.

Goma Sinema: Nakubali nusu. Mkanda wa waridi kuuuza ni kazi, tusimdanganye kijana. The African Queen imesafishwa na kutolewa kwenye diski tangu 2010, yeyote anaipata. Uza hiyo, ununue makopo mapya.

Mzee wa Bukavu: Auze ile iliyopigwa hapa hapa Kongo, mto Ruiki, karibu na Ubundu? Mimi nisingeweza.

Kijana wa Katuba: Asanteni sana. Kopo la siki liko barazani kivulini. Jana nilifungua Watusi, nikatazama picha chache kwa taa ya mkononi, sauti ya baba mkubwa ikanijia akitutafsiria Kifaransa cha waigizaji. Mnunuzi nimemwambia: The African Queen tuongee bei, hizi mbili zinabaki.