Naomba ushauri: nipige simu ya msaada kwa niaba ya binamu, au nimwache apige mwenyewe?

Wakuu, binamu yangu anafanya kazi za ndani Marekani. Bosi kashika pasipoti yake, mshahara hapewi, na kila siku anatishiwa kuwa akitoka nje uhamiaji watamkamata. Nimesoma kuwa namba ya taifa ya kule dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, 1-888-373-7888, inapokelewa saa 24, ina wakalimani wa lugha zaidi ya 200, na mpigaji halazimiki kutaja jina. Tena kuna viza ya T, ambayo waathirika wanaokidhi masharti huweza kupewa ili wabaki kule kihalali, kumbe vile vitisho huenda ni vya kumfunga mdomo.

Kinachonitatiza: nikipiga bila ridhaa yake, polisi wanaweza kutumwa kabla hajajiandaa? Simu yake hukaguliwa. Aliyewahi kuwasiliana nao, walianza kwa kuuliza nini?