Gumzo la kikundi cha familia: faili la Salma

Salma: Hamjambo wote. Shikamoo Shangazi, shikamoo Baba Mdogo. Grinikadi yangu, yaani kadi ya ukaazi wa Marekani, inaisha mwezi wa nne, ni ile ya miaka 2. Mimi na Marcus tunatakiwa tujaze fomu I-751, ya kuondoa masharti ya ukaazi, na tuambatishe ushahidi kwamba kweli tunaishi kama mke na mume. Nimekaa na makaratasi tangu asubuhi, nachokiona ni picha za harusi tu.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Kwani cheti cha ndoa si mlishapeleka? Wanataka nini tena hao?

Wifi Asha: Shangazi, cheti kinasema walifunga ndoa. Hawa wanauliza baada ya hapo ikawaje. Ukipewa ukaazi na ndoa yenu haijatimiza miaka 2, unapewa kadi ya masharti kwanza. Sheria yao hiyo ni ya 1986, waliileta kwa ajili ya ndoa za makaratasi.

Baba Mdogo: Si Marcus aende akawaambie "huyu mke wangu", basi. Mwanaume mzima na uraia wake.

Salma: 😂😂 Ingekuwa hivyo Baba Mdogo ningekuwa nimeshalala.

Wifi Asha: Wifi, kadi inaisha tarehe ngapi hasa?

Salma: 18 mwezi wa nne.

Wifi Asha: Basi mnatuma baada ya katikati ya Januari. Ni ndani ya zile siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha. Ukiwahi zaidi wanakurudishia, na tarehe ikipita hujatuma, ukaazi unakatika wenyewe. Wakipokea, USCIS, yaani idara ya uhamiaji ya Marekani, wanakuletea barua inayoirefusha kadi kwa miezi 48. Hiyo barua usiiweke mbali na kadi.

Salma: Muda ninao, tatizo ni hayo ya kupeleka. Nyumba Marcus aliinunua kabla hajanioa. Umeme, maji, intaneti, vyote jina lake. Halafu mwaka jana nilikaa mji mwingine, Cleveland, karibu nusu mwaka kwa mafunzo ya kazi, yeye akabaki nyumbani Columbus. Kwenye karatasi naonekana mpangaji, tena mpangaji mtoro.

Farida: Dada Salma si ubadilishe tu bili ziwe na jina lako, mwezi huu huu?

Wifi Asha: Kuongeza jina hakudhuru. Ila afisa akikuta kila bili imepata jina jipya wiki moja kabla ya kutuma, haitaji kuambiwa kwa nini. Wanaangalia miaka yote miwili. Vinavyobeba faili ni vile mlivyofanya bila hata kukumbuka kuna uhamiaji. Wifi ngoja nikuulize. Bima ya gari?

Salma: Tumo wote wawili. Tangu nilipopata leseni, mwaka ule ule wa kwanza.

Wifi Asha: Ya afya?

Salma: Niko kwenye ya kazini kwake.

Wifi Asha: Kazini kwako uliandika nani apigiwe simu ukipata dharura? Na mafao yako ya kustaafu, ukifa anapewa nani?

Salma: Marcus. Nilijaza siku ya kwanza, nilishasahau kabisa.

Wifi Asha: Kaombe nakala zenye tarehe, zote mbili. Kodi je?

Salma: Hapo ndipo nilipochoka. Mhasibu alitujazia kila mtu peke yake.

Wifi Asha: Peke yake kama mseja, au mwenye ndoa anayejaza peke yake? Hivyo ni vitu viwili tofauti wifi, nenda kaangalie.

Farida: Natetemeka mimi wakati hata kodi silipi

Salma: Nimeangalia. "Mwenye ndoa, peke yake." Marcus anasema ilikuwa kwa sababu ya mkopo wake wa masomo, wangejumlisha na kipato changu rejesho lingepanda.

Wifi Asha: Alhamdulillah. Hiyo ni halali, na inaonyesha mmeoana. Ingekuwa mseja mngelazimika kwanza kuirekebisha kwa 1040-X, fomu ya kusahihisha kodi. Ombeni rekodi za kodi moja kwa moja kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ni bure, na hiyo sababu ya mkopo muiandike kwenye barua ya maelezo. Msimwachie afisa akisie. Akaunti ya benki mnayo ya pamoja?

Salma: Ndiyo, tangu tuoane. Mshahara wangu unaingia humo, na mkopo wa nyumba unakatwa humo humo.

Wifi Asha: Salma!

Salma: Nini?

Wifi Asha: Mshahara wako unalipa mkopo wa nyumba halafu unatuambia wewe mpangaji 🤦🏾‍♀️ Ungeanza na hilo, tungekuwa tumeshamaliza! Chapisha taarifa za benki za mwanzo, za katikati na za hivi karibuni. Pigia mstari mshahara unapoingia, mkopo wa nyumba unapotoka, na manunuzi ya nyumbani. Wengine wanafungua akaunti ya pamoja, wanaweka dola 50, inakaa hapo imelala. Afisa kashaziona hizo mpaka kachoka. Yenu inatembea.

Farida: Na ile ya Cleveland aifiche?

Wifi Asha: Aiseme mwenyewe. Weka barua ya mafunzo na mkataba wa kile chumba ulichopanga huko. Marcus alikuwa anakuja?

Salma: Karibu kila wikiendi. Taarifa ya kadi yake inaonyesha mafuta ya Ijumaa jioni, vituo vya njiani kwenye I-71, barabara kuu ya Columbus kwenda Cleveland.

Wifi Asha: Safi. Na meseji chache za kipindi hicho, tarehe na namba zionekane.

Salma: Wifi, meseji zetu ni za aibu. "Umelipa maji?" "Paka kagoma kula." "Nani kachukua funguo ya ghorofani?"

Wifi Asha: Hizo hizo. Mtu hamuulizi mgeni habari za paka. Chagua kurasa chache tu, usimpelekee afisa miaka miwili ya simu. Picha pia, si za harusi peke yake. Andika chini ni lini, wapi, na nani wamo.

Baba Mdogo: Kuna kijana namfahamu, karatasi yoyote anakutolea na muhuri juu. Kama kuna pengo mahali.

Wifi Asha: Baba Mdogo kwa heshima zote, hapana. Ndoa ya kughushi huku ni kifungo mpaka miaka 5 na faini mpaka dola 250,000. Ndoa ya hawa ni ya kweli, karatasi moja ya uongo itaifanya yote ishukiwe.

Baba Mdogo: Nilikuwa natania jamani.

Shangazi Mwanaidi: Hukuwa unatania.

Shangazi Mwanaidi: Sasa na mimi nilikaa kwao, si niandike barua? Nimeshaanza. "Mheshimiwa, Salma ni binti mwenye tabia njema, mcha Mungu, na mkwe wetu Marcus ni kijana mpole asiye na makuu."

Wifi Asha: Nzuri Shangazi, lakini hiyo mtu anaweza kuiandika bila kufika pale nyumbani. Andika ulichokiona kwa macho yako.

Shangazi Mwanaidi: Niliona mengi. Usiku mkwe anashuka ngazi anapunguza hita. Akishapanda, huyu mtoto anashuka na blanketi mabegani anaipandisha tena. Asubuhi kila mmoja anaapa hajaigusa. Mimi chumba changu kiko karibu na ngazi, nasikia vyote, nimenyamaza zangu.

Salma: Shangaziiii 🙈

Wifi Asha: Andika hilo hilo! Na ulikaa kuanzia lini mpaka lini. Mnahitaji angalau watu wawili wa kuapa, wanaowajua wote wawili tangu Salma apewe kadi. Wa pili awe mama yake Marcus. Viapo vinakwenda vyenyewe, si nakala. Ila viapo peke yake havitoshi, vinasindikiza hizo taarifa za benki.

Farida: Shangazi aandike Kiswahili, mimi natafsiri.

Wifi Asha: Sawa, na wewe utasaini kwamba Kiingereza unakimudu na tafsiri ni kamili na sahihi. Usimpambe. Shangazi, kwenye kiapo weka jina kamili, anwani, uhusiano wako na Salma, na tarehe na mahali ulipozaliwa.

Shangazi Mwanaidi: Mwaka pia?

Wifi Asha: Na mwaka, Shangazi.

Shangazi Mwanaidi: Huyo afisa wa kike au wa kiume?

Baba Mdogo: Andika ule wa kwenye kitambulisho dada, usiandike ule unaotuambia sisi.