Programu ya namba tasa inapitisha 9 na 25, tatizo liko wapi?

Mwl_Makole: Wakuu, habari. Naandaa somo la Python kwa kidato cha tatu hapa Dodoma: kutoa namba tasa (zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu) zote hadi 1,000,000. Kila namba n naigawanya kwa 2 na kuendelea hadi kipeuo chake cha pili, `for d in range(2, int(n**0.5))`, lakini kabla ya 50 zinapenya 4, 6, 8, 9, 15, 25, 35 na 49. Halafu ni nzito, na mashine za maabara zina RAM ya GB 2.

zabibu_dom: Mwalimu, `range` haifiki namba ya mwisho. Kipeuo cha 25 ni 5, ila `range(2, 5)` inaishia 4, kwa hiyo 5 haijaribiwi kabisa. Kwa 35 ni 5 na desimali. `int` inakata desimali, unarudi palepale. Andika `int(n**0.5) + 1`, na ukipata baki 0 weka `break` ili isiendelee kujaribu. Kipeuo chenyewe usikiache: kuhakiki 999,983 kwa kila namba iliyo chini yake ni kugawanya mara 999,981; kwa kipeuo ni mara 998.

ihumwa_kodi: Kwa milioni nzima achana na kugawanya, tumia chekeche la Eratosthenes, yaani unafuta vigawe vya kila namba tasa, zinazobaki ndizo tasa:

```
N = 1000000
tasa = bytearray([1]) * (N + 1)
tasa[0] = tasa[1] = 0
p = 2
while p * p <= N:
    if tasa[p]:
        for k in range(p * p, N + 1, p):
            tasa[k] = 0
    p += 1
print(sum(tasa))
```

Tunaanza kufuta kwenye p*p kwa sababu vigawe vya chini vimeshaondoka. Kwa 7: 14 ilifutwa na 2, 21 na 3, 35 na 5; mpya ya kwanza ni 49. `bytearray` inakula baiti moja kwa kila namba, kama MB 1 tu. Orodha ya kawaida ya True na False kwenye Python ya biti 64 ingekula MB 8 hivi. Jibu liwe 78498. Ukiona 78500, umesahau kufuta 0 na 1. Na usichapishe zote kwenye skrini, hapo ndipo mashine za zamani zinapokwama.

zabibu_dom: Kabla ya kompyuta wape karanga. 12 zinapangika mistari 3 ya nne nne. 13 zinagoma, labda mstari mmoja. Kisha kwenye jedwali la 1 hadi 100 wakate vigawe vya 2, 3, 5 na 7 (hizo nne zenyewe waziache), pamoja na 1. Zibaki 25.

Mwl_Makole: Imetoa 78498. Asanteni sana, kesho napitia soko la Majengo kuchukua karanga.