Ukuta wa Hadrian: ujengwe upya au uachwe ulivyo?

Mpenda Historia: Wakuu, naomba tujadili. Kaizari Hadrian wa Roma alianza kuujenga ukuta huu kaskazini mwa Uingereza mwaka 122, kilomita kama 117 kutoka Wallsend hadi Bowness-on-Solway. Leo unaoonekana haufiki asilimia 10. Watunzaji wanasema tulinde kilichobaki, tusiongeze jiwe. Mimi nakataa. Mgeni anafunga safari, anafika anaoneshwa ng'ombe na majani, eti ukuta ulipita hapa! Ijengwe japo kilomita moja mpaka juu.

Fundi Mawe: Mkuu, hicho unachoomba kilishafanyika, na ndiyo shida yenyewe. Karne ya 19 karani wa mji wa Newcastle, John Clayton, alinunua mashamba ukuta ulimopita. Vibarua wake wakaokota mawe yaliyoporomoka, wakayapanga upya bila chokaa, juu wakafunika kwa udongo wenye nyasi. Zile picha za ukuta ukipanda na kushuka majabali karibu na ngome ya Housesteads, sehemu kubwa ni mkono wao. Jiwe la Mrumi limechongwa mraba usoni, nyuma linanywea kama jino ili ling'ate kifusi cha katikati. Ukishalihamisha, umepoteza habari ya nani aliliweka pale.

Bi Mkubwa: Msimwonee Clayton. Bila yeye hata hayo ya kupigia picha yasingekuwepo. Baada ya uasi wa 1745, wa wafuasi wa ukoo wa kifalme wa Stuart, serikali ilijenga barabara ya jeshi kutoka Newcastle hadi Carlisle, na kwa masafa marefu ukuta ulivunjwa ukawa msingi wa barabara. Machimbo ya mawe ya Walltown na Cawfields nayo yakala vipande vizima, hadi karne ya 20!

Mpenda Historia: Asante Bi Mkubwa. Basi wamalizie alichoanza.

Fundi Mawe: Kwa mawe gani? Watawa wa Lanercost, jirani na ukuta, walishayajengea monasteri yao karne ya 12. Utaibomoa? Mwenye hamu ya kuona kimo aende Vindolanda, ngome ya Kirumi kusini mwa ukuta. Pale kuna kipande cha mfano, cha mawe na cha udongo, kimejengwa pembeni, mbali na msitari wenyewe. Hakidanganyi mtu.

Msafiri: Mimi nauliza tu, hiyo kilomita moja itajengwa wapi? Najua jibu: kwenye majabali, penye mandhari. Kijiji cha Burgh by Sands, ukuta ulikopita pia, hamtapakumbuka. Karne ya 3 ngome ya pale ililindwa na kikosi cha Wamoor kutoka Afrika Kaskazini. Ukifika leo huoni ukuta. Unaona kanisa la Mtakatifu Mikaeli, limekaa ndani ya eneo la ngome, na mawe ya Warumi yamo kutani mwake.

Mpenda Historia: Hapo umenibana. Ila bango moja la maana pale mlangoni mngenikubalia?

Fundi Mawe: Bango ruksa. Lisichimbiwe tu juu ya msingi.