Stoo imejaa muhogo na mbaazi, lakini fedha za kitoweo haziishi wiki: nipange vipi milo ya nyumbani?

Binti wa Chuno

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za leo. Ninaishi Mtwara mjini katika familia ya watu sita, wakiwamo watoto watatu wanaosoma. Kila baada ya mavuno wazazi wangu walioko Newala hututumia mzigo wa chakula, na hivi sasa stoo ina makopa (vipande vya muhogo mkavu), unga wa muhogo uliokwisha kusagwa, mbaazi kavu, njugu mawe, karanga kiasi, na korosho zilizovunjika ambazo hazikufaa kuuzwa. Mchele na sembe ninanunua mwenyewe.

Pamoja na neema hiyo, kila asubuhi bado ninatoa fedha za samaki, nyanya, mafuta na nazi, na mkaa nao una gharama yake, kiasi kwamba fedha za matumizi ya wiki hukatika kabla wiki haijafika mwisho. Niliandika ratiba ya siku zote saba, yaani leo wali, kesho ugali, keshokutwa ndizi, lakini naona ratiba hiyo ndiyo inayonipeleka sokoni, kwa kuwa inadai vitu nisivyokuwa navyo wakati mbaazi za stoo zimeanza kubunguliwa. Ninaomba mnielekeze namna ya kupanga milo kwa kuanzia na kilichopo, bila kuwachosha watu wa nyumbani kwa chakula kilekile. Mume wangu ameshaanza kuuliza kama mbaazi ni adhabu.

Mama wa Mikindani

Marahaba, mwanangu. Ratiba yako imeanzia kwenye majina ya siku, na siku hazijui stoo ina nini. Anza kwa kuuliza ni kitu gani kitakachoharibika mapema kuliko vingine. Kwa maelezo yako, mbaazi zinazobunguliwa ndizo za kwanza, karanga zinafuata, na makopa yaliyokauka vizuri yanaweza kusubiri. Zianike mbaazi juani, uzipepete, kisha zile zilizotobolewa ziwe za kupikwa wiki hii, na nzima zirudi kwenye chombo kinachofungwa barabara.

Jambo la pili ni kuacha kuiunga sufuria yote kwa nazi mara moja. Wengi wetu huchemsha mbaazi, tukamimina tui lote, na kesho yake asubuhi chakula kimechacha kwa joto letu hili. Chemsha mbaazi za kutosha milo miwili bila nazi wala nyanya. Mchana chota sehemu moja uiunge kwa tui, iliwe na wali. Iliyobaki ichemshe tena jioni, ifunike, na kesho uikaange kwa kitunguu na nyanya moja au mbili iliwe na ugali, au uipike pamoja na vipande vya muhogo mbichi iwe futari. Asiye na jokofu asivuke siku ya pili. Kwa njia hiyo unawasha moto mrefu mara moja tu, nazi inatumika kwa mlo mmoja, na mumeo hatapata sababu ya kusema amekula kitu kilekile, kwa sababu mbaazi za nazi na mbaazi za kukaanga hazifanani hata kwa harufu.

Njugu mawe usizihesabu katika kitoweo hata kidogo. Zilowekwe usiku kucha, zichemshwe kwa chumvi hadi ziive kabisa, na watoto wazile na chai asubuhi. Nina hakika ukijumlisha fedha za maandazi ya wiki nzima utashangaa.

Kuhusu korosho zilizovunjika, hizo ni mali. Zitwange ziwe ungaunga, na uzitie kwenye kisamvu au mchicha badala ya nazi, mboga ikikaribia kuiva, huku ukikoroga kwa moto mdogo kwa sababu hushika chini haraka. Nazungumzia korosho zilizokwisha kubanguliwa. Zenye maganda zisibanguliwe jikoni mbele ya watoto, kwani mafuta ya ganda huunguza ngozi.

Samaki nao, badala ya kuwanunua kila asubuhi, fuata mwezi. Dagaa wa baharini huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupata kidogo na bei hupanda. Wanunue wakavu wakati wa giza, uwahifadhi, na uwatumie konzi moja moja ndani ya mboga za majani au mbaazi. Hapo dagaa anakuwa wa kukoleza mboga, wala hahitaji kuijaza bakuli peke yake.

Kaka wa Lindi Mjini

Ninaafikiana na mama, isipokuwa kwamba mimi nisingeitupa ratiba moja kwa moja. Ningeandika ratiba ya vile vitu vichache vinavyonunuliwa tu, yaani siku za nazi, siku ya samaki wabichi na siku ya nyanya, kisha vya stoo vipangwe kuzizunguka siku hizo. Mtu asiye na ratiba kabisa hujikuta sokoni saa kumi na moja jioni akinunua kwa njaa, na mnunuzi mwenye njaa hapunguziwi bei.

Halafu dada hakutaja anatumia mkaa kwa namna gani. Mbaazi zilizolowekwa usiku huiva mapema zaidi kuliko zilizotiwa motoni kavu. Zikianza kulainika baada ya kuchemka sana, epua sufuria ikiwa imefunikwa, uizungushie blanketi nene au uitie kwenye kikapu chenye nguo, uiache mpaka ikaribie wakati wa kula, kisha uirudishe motoni ichemke tena na kumalizia kuiva. Mkaa uliobaki uzime kwa kuufunika ndani ya debe lenye mfuniko, usiuache ukateketea bure.

Mstaafu wa Afya, Masasi

Ndugu zangu mmeshauri vizuri, lakini hamjaugusa unga wa muhogo, na mimi ndio unaonitia wasiwasi kuliko mbaazi. Binti, huo muhogo ni mtamu au mchungu? Muhogo mchungu una kemikali zinazotoa sumu ya sayanaidi, na makopa yaliyomenywa na kuanikwa tu juani, bila kulowekwa wala kuvundikwa, hubaki na kiasi kikubwa zaidi cha sumu hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wetu wa Mtwara, pamoja na Mbinga kule Ruvuma, ulikuwa na wagonjwa wa konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu yote miwili ghafla na usioponyeka, ukiwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Uliwapata watu ambao kwa wiki nyingi walikuwa wakila muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha, tena bila kitoweo cha maana.

Hapo ndipo kubana matumizi kunapoweza kugeuka hatari. Mwili huhitaji protini ili uweze kuiondoa sumu hiyo, na unga wa muhogo wenyewe una protini chini ya asilimia 3, wakati mbaazi na kunde kavu zina zaidi ya asilimia 20. Kwa hiyo, siku ya ugali wa muhogo ndiyo siku ya kutopunguza mbaazi wala dagaa. Ukitaka kubana kitoweo, kibane siku ya wali.

Unga ulionao unaweza kuupunguzia sumu kwa njia rahisi. Uweke kwenye chombo, utie alama pale unapofikia, kisha uongeze maji huku ukichanganya. Mwanzoni unga utashuka, na ukirudi kufikia ile alama maji yametosha. Utandaze kwenye sinia au jamvi safi kwa unene usiozidi sentimita 1, uuache juani kwa muda wa saa 2 au kivulini kwa muda wa saa 5. Sumu hutoka kama hewa. Baada ya hapo usonge ugali kama kawaida.

Binti wa Chuno

Ninawashukuru sana. Nimempigia mama simu, amesema makopa ya mwaka huu ni ya muhogo mchungu na hayakulowekwa. Je, ninaweza kuutandaza unga wa siku mbili kwa pamoja ili nisirudie kazi? Pia karanga nimezikuta baadhi zina ukungu wa kijani. Nilifikiri kuzikaanga sana ili zisipotee.

Mstaafu wa Afya, Masasi

Unga uliolowanishwa upikwe siku hiyohiyo, kwa hiyo pima wa mlo mmoja. Makopa ambayo hayajasagwa mnaweza kuyaloweka na kuyaanika upya kabla ya kuyapeleka mashine.

Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zitupe, wala usiwape kuku. Ukungu huo huweza kuleta sumukuvu, ambayo moto wa jikoni hauimalizi na ambayo hudhuru ini. Chambua moja moja mchana penye mwanga, na kama zenye ukungu ni nyingi, usijaribu kuokoa zilizosalia.

Mama wa Mikindani

Na debe lililokuwa na hizo karanga lioshe, ulikaushe juani kabla ya kutia kitu kingine. Kesho nitakuandikia namna ya kukausha majani ya kunde kivulini, maana kiangazi kikikolea fungu la mchicha nalo litakupeleka mbio.